Kuwa mtu wa daftari

Hapa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ikifika jioni kila mmoja anawaza usafiri, ndiyo maana hesabu hazidumu. Wadogo zangu wa biashara nawaambia: msianze na "mwaka huu nitaandika mauzo." Anza kwa kujitaja: "Mimi ni mtu wa daftari." Mtu wa swala hakai kila alfajiri akishauriana na nafsi yake kama aamke. Anaamka, ndivyo alivyo.

Ila kujitaja bila kitendo ni maneno matupu. Nunua kaunta buku ya kwaya 2, kalamu uifunge kwa uzi hapohapo kwenye daftari. Siku ya kwanza andika mstari mmoja tu: "Dera 3, 45,000." Funga. Faida, madeni na nauli vitafuata mkono ukizoea. Kila mstari unakuthibitishia kwamba kweli wewe ndiye uliyejitaja.

Halafu wakati. Ukisema "nitaandika jioni" hutaandika, jioni ni ndefu mno. Shikiza uandishi kwenye jambo usiloweza kulikwepa. Mimi daftari nalilaza juu ya turubai lililokunjwa. Siwezi kufunika mzigo bila kulishika, basi naandika kwanza. Binti ninayemfundisha kazi anaandika akisubiri mwendokasi pale Gerezani. Kwa msukumano ule mimi nisingeweza, lakini yeye anaweza, na utaratibu wake usiguswe.

Usijiwekee wiki 3 za kuzoea halafu ukakata tamaa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya. Katika utafiti wao uliochapishwa 2010, wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuvuruga mambo. Kwa hiyo homa ikikulaza leo, usijiite mvivu. Kesho chukua kalamu.

Mwisho, waache watu wakujue hivyo. Shoga akitaka dera la mkopo wa mdomo, mjibu kwa upole huku unafungua daftari: "Mimi bila kuandika sitoi, mpenzi." Mara ya kwanza atanuna kidogo. Akizoea, atataja mwenyewe kiasi na siku ya kulipa kabla hujauliza.