Lini Uitoe Bidhaa Yako Hadharani

Waanzilishi wengi wa kampuni changa hupanga tarehe ya uzinduzi kwanza na kuitafutia sababu baadaye, ilhali jibu liko kwa watu wachache ambao tayari wanaitumia bidhaa hiyo. Itoe kwanza kwa watu ishirini au thelathini usiowajua, kwa kuwa ndugu na marafiki watakusifu hata wakishindwa kujisajili, kisha uwaangalie wakiitumia bila kuwaelekeza.

Nilipotengeneza programu ya kutunza madeni ya dukani, niliketi juu ya kreti la soda nikimtazama mwenye duka akiingiza kila deni la unga na mafuta kwenye simu, nikaaga nikiwa nimeridhika. Niliporudi kuchukua chaja niliyoisahau, nilimkuta amelitoa daftari lake chini ya kaunta na anayanakili yote upya. Wateja wake, alinieleza, hawakubali deni mpaka waone mstari wenye jina lao, na programu yangu haikuwa na cha kuwaonyesha. Tangu hapo sijadiliani na mtu kuhusu uzinduzi kabla daftari halijasahaulika nyumbani bila mwenyewe kulikumbuka.

Majaribio huweza hata kubadilisha kile unachokwenda kukitangaza. M-Pesa ilianza kujaribiwa nchini Kenya Oktoba 2005, kwa lengo la kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu, lakini washiriki wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, ilichotangaza ni kutuma pesa nyumbani. Uzinduzi wa haraka ungetangaza huduma ambayo watumiaji wenyewe walikuwa wameshaipa kazi nyingine.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya, lilitengenezwa kwa siku chache na kufunguliwa Januari 2008, kwa sababu taarifa hizo zisingemfaa mtu baada ya miezi sita. Pima basi kosa litamgharimu nani na kiasi gani. Bidhaa inayoshika fedha za watu isitoke kabla hesabu za kila jioni hazijalingana kwa wiki kadhaa mfululizo, na kabla hujahakikisha kwamba muamala uliokwama unarudishwa bila mteja kulazimika kupiga simu mara tatu. Programu ya ratiba za mechi inaweza kutoka hata leo.

Ukiridhika, fungua soko moja au mkoa mmoja kimya kimya, na matangazo ya redio yafuate baadaye. Chagua asubuhi ya Jumanne au Jumatano, kwani hitilafu ya Ijumaa jioni hukuta ofisi tupu. Bidhaa ya kulipia isianze Januari, wazazi wanapohangaikia ada. Awepo pia mtu mwenye jukumu moja tu, la kupokea simu.

Mwisho, andikeni mapema sharti litakalowafanya muahirishe, washirika wote wakatie saini, kabla fulana hazijachapishwa na ukumbi haujalipiwa. Nimeona fulana mia mbili zikishinda hoja ya fundi aliyekuwa sahihi.