Jinsi ya kuvipa vifaa vya intaneti majina ya namba

Kazi zangu nyingi ziko Kigoma mjini: kamera za maduka ya Mwanga, vipima joto kwenye friza za samaki Kibirizi, inveta za sola Ujiji. Kifaa chochote ninachokiunganisha na intaneti nakipa jina la tarakimu sita, kwa mfano 485615, kisha jina hilo naliweka chini ya domeni, yaani jina la intaneti linalolipiwa kila mwaka, kama lile la tovuti. Siandiki "friza-kibirizi" wala "kamera-mlango-wa-nyuma". Nimeuzoea utaratibu huu na naupenda, na fundi yeyote mwenye vifaa vinavyozidi vidole vya mikono anaweza kuufuata.

Sababu ya kwanza ni kwamba vifaa vinahama. Friza ya Kibirizi ikiuzwa kwa mtu wa Kasulu, jina lenye "kibirizi" linakuwa uongo, na kulibadilisha maana yake ni kugusa kila mahali lilipoandikwa. Namba haijui Kibirizi wala Kasulu. Pili, huku kwetu mwambao una watu wa kila aina: anayesimamia friza anaweza kuwa Muha, Mrundi au mtu wa ng'ambo ya ziwa anayeongea Kifaransa. Tarakimu zilizoandikwa kwenye stika kila mmoja anazisoma. Tatu, na hili wengi hawalijui: ukichukua cheti cha usalama (kile cha https) kwa ajili ya jina fulani, jina hilo linaingia kwenye kumbukumbu za wazi ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzipekua. Ukiita kifaa "kamera-sefu" umemtangazia mwizi. 485615 haimwambii kitu.

Kisheria hakuna kizuizi. Zamani jina la mashine lilitakiwa lianze na herufi, lakini tangu 1989 kanuni za intaneti zinaruhusu lianze na tarakimu, hata liwe tarakimu tupu. Sharti ni kwamba kipande cha mwisho baada ya nukta kisiwe namba. Kwa hiyo usiandike namba peke yake bila domeni: kompyuta nyingi huichukua 485615 tupu kuwa anwani ya IP, yaani namba ambayo kompyuta hutafutana kwayo mtandaoni, na kuigeuza 0.7.104.239, mahali ambapo hakuna kifaa chako.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununulia kila kifaa domeni yake. Mwaka 2017 wenye domeni zinazoishia na .xyz walitenga majina yote ya tarakimu sita hadi tisa, jumla yake zaidi ya bilioni 1.1, wakayauza kwa senti 99 za dola kwa mwaka, na vifaa vya intaneti vilikuwa miongoni mwa matumizi waliyoyataja. Uliza bei ya sasa kwa msajili wako, yaani kampuni inayokuuzia domeni, kabla ya kulipa. Njia ya pili ni kuwa na domeni moja, hata ya .co.tz, na kila namba ikakaa mbele yake: namba, nukta, domeni. Mimi natumia ya pili. Ada ni moja, tarehe ya kulipia ni moja. Domeni ya peke yake naipendekeza pale tu kifaa kitakapouzwa pamoja na jina lake, mnunuzi akabidhiwe vyote viwili. Lakini mnunuzi aelewe: akiacha kulipia, mtu mwingine anaweza kulinunua jina hilo, na kifaa kitaanza kupeleka taarifa zake kwa mgeni.

Sasa kuchagua namba. Isianze na sifuri, kwa sababu ukiiingiza kwenye jedwali la kompyuta sifuri ya mbele hupotea. Isibebe maana: usiseme 1 ni kamera, 2 ni friza, 04 ni mteja wa nne, kwa sababu utarudi kwenye tatizo lilelile la kuhama. Chukua tarakimu tano ovyo, kisha ya sita iwe ya ukaguzi, yaani ya kuonyesha kama namba imesomwa vibaya. Hapo ndipo penye faida kubwa, maana namba hizi kwetu husomwa kwa simu, mtandao unakatika, injini ya boti inanguruma pembeni. "Shikamoo mama, nisomee namba ya kwenye stika." "Marahaba mwanangu. Nne, nane, tano, sita..." Sita au tisa? Kwenye laini mbovu hazitofautiani, na tatu na tano nazo ni hivyo hivyo.

Hesabu ya ukaguzi ni ile inayotumika kwenye kadi za benki, ya Hans Peter Luhn. Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza iache, ya pili izidishe kwa mbili, ya tatu iache, ya nne zidisha, endelea hivyo. Ukizidisha ukapata zaidi ya 9, toa 9. Jumlisha zote, jumla ikiishia na sifuri, namba ni sahihi; kwa hiyo ukitunga namba mpya, ya sita iwe ile inayoifanya jumla iishie na sifuri. Kwa 485615: 5 inabaki, 1 inakuwa 2, 6 inabaki, 5 inakuwa 10 kisha 1, 8 inabaki, 4 inakuwa 8. Jumla ni 30. Mama akisoma tisa badala ya sita, jumla inakuwa 33, najua papo hapo nimwombe arudie. Kosa la tarakimu moja halipiti kamwe. Nimeiweka hesabu hii kwenye simu, naandika namba inaniambia ndiyo au hapana.

Baada ya hapo ingia kwenye ukurasa wa msajili wako, sehemu ya DNS, yaani orodha inayosema kila jina lina anwani gani, ongeza rekodi. Aina A ni ya anwani ya IPv4, ile ya namba nne zenye nukta kati, AAAA ni ya IPv6, ile ndefu ya kisasa. Muda wa kuhifadhi (TTL) weka sekunde 300, ili anwani ikibadilika dunia isikae siku nzima na ile ya zamani. Thibitisha kwa kuandika nslookup, amri ya kuuliza jina lina anwani gani, ikifuatiwa na jina zima, kwenye kompyuta iliyo nje ya mtandao huo.

Laini ya simu ina shida yake. Vifaa vingi vya huku vinatumia kadi ya simu, na kampuni ya simu inaweza kuwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Angalia anwani iliyo ndani ya ruta: ikianza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, huwezi kukifikia kifaa moja kwa moja kutoka nje hata rekodi iwe safi namna gani. Dawa yake ni VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Nakodi seva ndogo, kompyuta iliyo hewani muda wote, kifaa kinajiunga nayo kwa WireGuard, programu ya VPN, kinapata anwani ya ndani isiyobadilika kama 10.20.0.15, na hiyo ndiyo ninayoiweka kwenye rekodi ya 485615. Ruta nyingine hukataa jina la nje linaloelekeza anwani ya ndani. Hapo rekodi iweke kwenye DNS ya VPN yenyewe.

VPN hiyo itumie hata kama laini yako ina anwani ya wazi. Tarakimu sita kompyuta inazijaribu zote kwa muda mfupi, kwa hiyo jina la namba lisichukuliwe kuwa siri. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na vifaa vingi vya kurekodia kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vikatumika kuiangusha Dyn, kampuni ya DNS ya Marekani. Badilisha nywila kabla kifaa hakijatoka mezani kwako.

Maana yote ya namba inakaa kwenye daftari: namba, aina ya kifaa, mwenye nacho, kilipo, laini ya simu iliyomo, tarehe ya kufungwa. Kikihama, nabadilisha mstari mmoja tu. Nakala ya pili iwe nyumbani. Stika iandike kwa maka isiyofutika na uipitishie selotepu juu, hasa kwenye friza, kwa sababu unyevu wa samaki unaila karatasi.

Kifaa kikifa, rekodi naifuta siku hiyohiyo, maana anwani kiliyokuwa nayo inaweza kupewa mtu mwingine huku jina lako likiendelea kuelekeza kwake. Namba yake naikata daftarini na siigawi tena, hata kwa kifaa kipya kinachokaa palepale.