Samba isiwake kabla ya diski: kupanga seva ya faili iamke yenyewe ipasavyo

Ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia ilikatikiwa umeme usiku. Asubuhi folda ya pamoja ilifunguka kwenye kila kompyuta, ila ilikuwa tupu. Samba, programu inayogawa folda kwenye mtandao, ilikuwa imewaka kabla diski ya nje haijapachikwa (mount), ikagawa folda tupu ya diski ya ndani, na watu wakahifadhi kazi za nusu siku humo. Tangu hapo siachi seva ya Ubuntu au Debian bila kufanya haya.

Hatua ya 1: washa smbd, huduma ya Samba

`sudo systemctl enable --now smbd`

Amri ya `start` huiwasha sasa hivi tu. `enable` ndiyo huifanya iamke kila kompyuta inapowaka. Ingia pia kwenye BIOS, uiambie mashine iwake yenyewe umeme ukirudi.

Hatua ya 2: diski

Hapa usiwe na haraka. Pata UUID, yaani namba ya utambulisho wa diski, kwa `sudo blkid`; usitegemee jina kama `/dev/sdb1`, maana hubadilika. Kisha andika kwenye `/etc/fstab`, faili inayoorodhesha diski za kupachikwa:

`UUID=namba-yako /srv/ofisi ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=60s 0 2`

Bila `nofail`, diski ikikosekana mashine huishia kwenye hali ya dharura, ikimsubiri mtu aje na kibodi.

Sasa funga mlango ule ulioniponza. Simamisha smbd, ondoa diski kwa `sudo umount /srv/ofisi`, halafu:

`sudo chattr +i /srv/ofisi`
`sudo mount /srv/ofisi`

Folda tupu iliyo chini haiandikiki tena, hata na root (msimamizi mkuu). Diski ikishapachikwa juu yake, kazi huendelea kama kawaida.

Hatua ya 3: ifunge Samba kwenye diski na mtandao

Fungua `sudo systemctl edit smbd`, uandike:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/ofisi
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=10
```

Mstari wa `RequiresMountsFor` ndio moyo wa kazi yote: diski isipopachikwa, Samba haiwaki.

Kuhusu mtandao, angalia kama `/etc/samba/smb.conf` ina `bind interfaces only = yes`. Ikiwa ipo, na Samba ikawaka kabla kadi ya mtandao haijapata anwani ya IP, haitasikiliza kwenye kadi hiyo. Umeme ukirudi, rauta mara nyingi huchelewa kuliko kompyuta, na `network-online.target` haisubiri milele. Kama seva ina kadi moja tu ya mtandao wa ndani, mimi huuondoa mstari wa `bind interfaces only` kabisa.

Hatua ya 4: jaribu

Endesha `testparm` kukagua makosa ya uandishi, kisha `sudo reboot`. Usiguse kitu. Ikishawaka:

`findmnt /srv/ofisi`
`systemctl status smbd`
`journalctl -b -u smbd`

Baada ya hapo zima mashine, chomoa diski, uiwashe tena. Ngoja zaidi ya dakika moja. Smbd ikikataa kuwaka, umefanikiwa: folda isipofunguka watu watakupigia simu mara moja, kabla hawajaandika chochote mahali pasipo pake. Rudisha diski, umalizie kwa `sudo mount /srv/ofisi` na `sudo systemctl start smbd`.