Sola Inakata Saa Mbili Usiku? Usikimbilie Kununua Paneli

Huku Kongwa simu nyingi ninazopokea ni za namna moja: "Fundi, niletee paneli nyingine." Nikifika, mara nyingi naikuta paneli haina kosa. Umeme unaingia vizuri, ila unapotelea njiani. Tafuta mita ya kupimia volti, spana na kitambaa laini, tuanze.

Hatua ya 1: Paa. Angalia kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi. Seli za paneli zimeungwa kwa kufuatana, hivyo tawi la mwembe likifunika kona tu, sehemu kubwa ya umeme inaondoka. Kwa Tanzania elekeza paneli kaskazini, uilaze nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Iinue kidogo juu ya bati hewa ipite, maana paneli ikichemka inazaa kidogo. Kiangazi ifute alfajiri, kioo kikiwa cha baridi.

Hatua ya 2: Waya. Hapa ndipo wengi tunaumia. Mzee mmoja TV yake ya volti 12 ilikuwa inajizima kila taarifa ya habari ikianza. Tukawasha kila kitu, nikapima: kwenye betri volti 12.4, nyuma ya TV 11.2. Waya ulikuwa wa 1.5 (unene wake kwa milimita za mraba), urefu mita 10, na TV pamoja na sabufa vinavuta ampea 5. Volti nzima na zaidi inaishia kupasha waya joto! Tukaweka wa 4, upotevu ukashuka chini ya nusu volti. Pima hivyo hivyo kwako. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kuna kiungo kimelegea.

Hatua ya 3: Vichwa vya betri. Chomoa kwanza waya za paneli kwenye kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri), kisha hasi ya betri, kisha chanya. Ule unga mweupe usugue kwa maji ya magadi, yasiingie ndani ya betri. Kausha, kaza.

Hatua ya 4: Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Hata isipowasha kitu, inakula. Yenye kula wati 8 ikiachwa saa 12 inamaliza wati-saa 96. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100 (100Ah) inakupa kama wati-saa 600 tu bila kuumia, kwa hiyo sehemu ya sita imekwenda bure. Taa ziwe za LED za volti 12, zisipitie inveta kabisa, na kama TV yako inapitia inveta, izime ukimaliza kutazama.

Hatua ya 5: Daftari. Kila alfajiri kabla jua halijatoka, zima vyote, subiri kidogo, pima betri. 12.2 ni kama nusu. Mimi huwaambia wateja waandike ukutani kwa mkaa, wiki nzima. Namba zikibaki chini ya hapo, na betri si mzee, basi nipigie. Nitakuja na paneli.