Jinsi ya Kuhamisha Ghadhabu ya Shujaa kutoka Toleo la 3 hadi la 5

Anayetaka kuhamisha uwezo wa fani fulani ya mhusika katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kutoka toleo moja la kanuni hadi jingine, aanze kwa kujiuliza uwezo huo unamtaka mchezaji aamue nini, na uamuzi wenyewe unamgharimu nini. Namba zifuate baadaye. Mfano mzuri ni ghadhabu ya shujaa wa porini (barbarian), yaani hali ya hasira inayompa nguvu za muda katika pambano, kwa sababu kila toleo limeipangia bei yake.

Katika toleo la 3, lililotoka mwaka 2000, shujaa wa ngazi ya 1 aliweza kughadhibika mara 1 kwa siku. Nguvu zake na ustahimilivu wake viliongezeka kwa 4 kila kimoja, kinga yake dhidi ya kupigwa ikapungua kwa 2, na ghadhabu ilipokwisha alibaki amechoka. Bei kubwa zaidi, hata hivyo, ilijificha ndani ya ustahimilivu: nyongeza ile ilimpa pointi 2 za uhai kwa kila ngazi, na pointi hizo ziliondoka pamoja na ghadhabu. Shujaa wa ngazi ya 6 aliyebakiwa na pointi 5 alishuka ghafla hadi -7, akaanguka mahututi hata kama adui wa mwisho alikuwa ameshauawa. Ndiyo maana mchezaji makini alihesabu kila raundi ya pambano iliyobaki kabla ghadhabu haijakwisha, na kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo roho ya uwezo huu.

Toleo la 4 la mwaka 2008 liligawa uwezo wa fani zote kwa mpango mmoja, yaani wa wakati wowote, wa mara moja kwa pambano na wa mara moja kwa siku, na ghadhabu ikaangukia kundi la mwisho. Toleo la 5 la mwaka 2014 linampa shujaa wa ngazi ya 1 ghadhabu 2 kabla ya mapumziko marefu, nyongeza ya 2 kwenye madhara anayosababisha, na linapunguza kwa nusu madhara anayopata kutokana na mapigo ya kuponda, kudunga na kukata.

Basi unapohamia toleo la 5, usibebe ile nyongeza ya 4 ya nguvu, kwa kuwa toleo hili limebana nyongeza zote makusudi. Iache ile 2 ya madhara ifanye kazi hiyo. Ondoa kule kupunguziwa madhara kwa nusu, na badala yake mpe shujaa pointi 2 za uhai kwa kila ngazi anapoghadhibika, kisha umpunguzie idadi ileile ghadhabu inapokwisha. Usilegeze bei hiyo, kwa maana katika toleo la 5 pointi za uhai haziendi chini ya 0, na tiba ndogo tu humwinua aliyeanguka.

Punguza muda pia. Ghadhabu ya dakika 1, yaani raundi 10, hudumu kuliko mapambano mengi, na bei isiyofika siku ya kulipwa si bei. Rudisha kanuni ya zamani ya raundi 3 pamoja na nyongeza itokanayo na alama ya ustahimilivu ya shujaa. Kisha jaribu uwezo huo katika pambano fupi na katika pambano refu. Mchezaji akianza kuuliza raundi ngapi zimebaki kabla hajaamua kusonga mbele au kurudi nyuma, uhamisho umefaulu.