Unapakisha rangi nyumba ya Mtwara ukiwa ughaibuni? Anza na zulia

Nyumba nyingi za Shangani, Ligula na Chikongola hupakwa rangi wazee wakiwa ndani. Hela inatoka kwa kijana aliye Uingereza au Oman, fundi anatafutwa na shemeji, na simu zote zinahusu rangi gani iende ukuta gani. Zulia halitajwi. Kazi ikiisha ukuta unapendeza, lakini kuanzia mlango wa sebule hadi koridoni kuna nyayo nyeupe, na mama amesogeza kochi kufunika doa kubwa zaidi.

Zulia hilo si pambo tu. Hapo ndipo wageni wanapokaa, sinia la wali linapowekwa, na kisomo kinaposomwa. Kwa hiyo unapopatana na fundi, kulilinda kuwe na malipo yake. Fundi rangi amelipwa kwa ajili ya ukuta. Akikuta zulia limetandikwa atatupia kipande cha nailoni juu yake aendelee, na hatumtendei haki tukimlaumu kwa kazi ambayo hakupewa.

Kama zulia linatoka, walipwe vijana wawili walitoe kabla ndoo haijafunguliwa. Likung'utwe mchanga, kisha liviringishwe. Likikunjwa kama shuka hubaki na mistari, na gundi ya mgongoni hupasuka. Lifungwe kwa mashuka makuukuu. Nailoni hapana, kwa sababu joto la pwani yetu lina unyevu mwingi na ukungu utaota humo ndani. Lilazwe juu ya benchi au kitanda, lisiguse sakafu ya stoo, maana mchwa hawachelewi.

Zulia lililogundishwa ukuta hadi ukuta ndilo lenye kazi. Chini tandika nailoni nzito, juu yake turubai la kitambaa au mapazia mazito ya zamani. Vyote viwili vinahitajika. Tone likidondoka kwenye nailoni tupu hubaki bichi, fundi analikanyaga na kulitembeza nyumba nzima. Kitambaa hulinyonya, ila kikiwa peke yake rangi nyingi hupenya hadi chini. Magunia ya korosho, ambayo msimu ukifika hayakosekani, yana matundu na yanamwaga nyuzi. Mifuko ya saruji ina unga uliobaki ndani. Vyote viwili viachwe.

Pembeni, tepu pana ya karatasi ibandikwe kwenye ukingo wa zulia, kisha isukumwe kwa kisu cha puti iingie kati ya zulia na ukuta. Ibanduliwe rangi ikiwa bado haijakauka kabisa. Ikishakakamaa, tepu huondoka na vipande vya rangi. Miguu ya ngazi ifungwe matambara isitoboe nailoni. Ndoo ikae ndani ya beseni. Na ndala za kazini zisitoke nje ya chumba kinachopakwa. Hilo la ndala nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu nyayo huharibu zulia kuliko matone.

Halafu kuna vumbi la msasa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likizama kwenye manyoya ya zulia, anayelipata ni mtoto anayetambaa. Kama nyumba ni ya siku nyingi, ukuta ulowanishwe kwanza na usuguliwe ukiwa mbichi, watoto wakiwa kwa jirani.

Rangi ya maji ikimwagika, ichotwe kwa kijiko, kisha doa ligandamizwe kwa kitambaa cheupe chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kutoka ukingoni kwenda katikati. Kusugua kunalitanua. Rangi ya mafuta inahitaji tapentaini, kidogo tu, iwekwe kwenye kitambaa na kujaribiwa kwanza kwenye kona isiyoonekana. Ikimiminwa moja kwa moja inayeyusha gundi ya mgongoni. Petroli isiingie ndani hata kama fundi anasema ndiyo dawa yake. Mvuke wake unashika moto upesi, na jiko haliko mbali.

Wengi wetu tunarudi nyumbani Desemba, na mvua za kusini nazo ndiyo zinashika, mara nyingi hadi Aprili. Rangi inachelewa kukauka, madirisha yanafungwa, zulia linakaa stoo muda mrefu. Ukiweza, panga kazi kati ya Juni na Oktoba, hata kama hutakuwepo.

Kama utakuwa mbali, mwombe shemeji akutumie WhatsApp picha ya sakafu kila asubuhi kabla fundi hajaanza. Ukuta utauona baadaye. Usimalize kumlipa fundi hadi zulia limerudishwa mahali pake, na lisirudishwe hadi ukuta na mbao za chini zimekauka kabisa: kidole kikibonyeza ubao na kuondoka bila kunata, subiri siku moja zaidi, ndipo litandikwe.