Tengeneza meza inayosoma vitu unavyosogeza, hatua kwa hatua

Weka kipanya pembeni. Hapa tunatengeneza meza ambayo ukisogeza kibao juu yake kompyuta inajua kimeenda wapi na kimegeuzwa kiasi gani. Ndo mbinu ya Reactable, ile ala ya muziki iliyoundwa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na programu yake ya kusoma vitu, reacTIVision, ni ya bure.

Hatua ya 1: meza. Tafuta kioo au plastiki angavu, juu yake tandika karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, alafu kamera ikae chini ikitazama juu. Karatasi usiiruke kabisa, maana alama (mchoro utakaobandika chini ya kibao, hatua ya 2) ikiigusa inaonekana vizuri, ukiinyanyua kidogo tu inafifia na kompyuta inajua kitu kimeondoka.

Hatua ya 2: alama. Zinakuja na programu yenyewe, we printi nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, bandika chini ya kila kibao. Kila alama ina namba yake.

Hatua ya 3: mwanga, na hapa ndo pa kutumia muda wako, sio kwenye kuandika programu. Taa zitoke chini, zikae pembeni, kwa sababu taa ikiwa moja kwa moja chini ya kioo kamera inaona duara jeupe na alama yoyote ikipita hapo inapotea. Kama unataka na projekta irushe picha kutokea chini basi tumia taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za nanomita 850, toa kichujio cha infraredi kwenye kamera, weka kinachozuia mwanga wa kawaida, la sivyo kamera itasoma picha ya projekta badala ya alama.

Hatua ya 4: washa reacTIVision. Inatuma taarifa kwa programu yako kwa TUIO (lugha ya kutuma habari za vitu vya mezani) kupitia UDP (njia ya kutuma data kwenye mtandao), poti 3333: namba ya alama, x na y kati ya 0 na 1, na pembe kwa radiani (mzunguko mzima ni 6.28). Kitu kikienda kinyume na mkono wako, geuza x kwenye seting.

Hatua ya 5: anza na kibao kimoja cha kuongeza sauti ukikizungusha. Usichukue pembe kama ilivyo, maana ikimaliza mzunguko inaruka kutoka 6.28 mpaka 0 na sauti inakatika ghafla, we chukua tofauti ya pembe mpya na ya zamani, ikizidi 3.14 toa 6.28, ikishuka chini ya -3.14 ongeza 6.28, alafu jumlisha kwenye sauti iliyopo.